Taa ya freni inawaka, kisha inazima: tusidanganyike



Juma lililopita tuliongea juu ya kukausha muhogo wakati wa mvua. Leo natoka jikoni, naingia ndani ya gari. Najua wengine mtasema: "Mimi sina gari, hiyo ni habari ya wanaume." Ngojeni kidogo. Nani kati yetu hajapanda gari kwenda kuuza mchele ao mafuta ya ngazi? Nani hajapakia mgonjwa usiku? Gari si yako, lakini mtoto aliye mgongoni ni wako. Na siku hizi vikundi vingine vya wamama vimeanza kujinunulia gari ya mtumba kwa feza ya akiba. Kikundi chetu ni kimoja. Kwa hiyo nitawasimulia yaliyotupata, pamoja na kosa langu mwenyewe, ili nyinyi msilirudie.

Gari yetu ni jeepu ndogo ya mtumba. Tulipoipokea ilikuwa nzuri, haina shida. Mvua zilipoanza, taa mbili za rangi ya manjano zikaanza kuwaka kwenye tablo, mbele ya shofere. Moja imeandikwa ABS. Ya pili ina picha ya gari ndogo yenye mistari miwili iliyopinda nyuma yake, kama nyoka. Shofere akazima moto, akawasha tena, taa zikapotea. Kesho yake zikawaka tena kwenye kona ya kuingia sokoni. Kisha siku tatu hakuna kitu. Kisha zikarudi.

Shofere akaniambia: "Mama, hii taa ni ya uongo. Ingekuwa ugonjwa wa kweli, isingezima." Mimi nikakubali. Mimi ndiye niliyekuwa na kaye ya gari, na ndiye niliyesema: ikizima yenyewe, basi imepona. Baada ya juma mbili niliona shofere ameweka kipande cha skochi nyeusi juu ya tablo, taa zisimsumbue macho usiku. Hata hapo sikusema neno.

Siku moja tulipakia mama mjamzito, uchungu umeanza, pamoja na mama mkwe wake, na magunia mawili ya mchele nyuma. Tulitoka upande wa Wamaza kurudi Kasongo. Kwenye mteremko wa kushuka mtoni nikaona taa nyingine, nyekundu, inapepesa: inawaka, inazima, inawaka. Nikamwuliza shofere. Akasema: "Ni zile zile." Tulipofika tambarare ikazima. Mteremko wa pili ikawaka tena, na safari hii kikanyagio cha freni kikaenda chini sana, karibu kiguse sakafu. Shofere alikanyaga mara mbili, tatu, nne, haraka haraka, akarudisha vitesi namba moja, gari ikapunguza mwendo, tukasimama majanini kabla ya daraja la miti. Hakuna aliyeumia. Yule mama alipelekwa kwa pikipiki mbili, moja yake na moja ya mama mkwe, akajifungua salama jioni ile. Lakini mimi sikulala. Ningeandika nini katika kaye ya kikundi kama lile daraja lingekuwa mita 50 karibu zaidi?

Tulikuwa na magonjwa mawili katika gari moja, na sisi tukayafanya kuwa moja. Hilo ndilo somo la kwanza.

Rangi mbili, maneno mawili

Taa ya manjano inasema: "Kuna msaidizi wa freni ambaye hafanyi kazi." Freni zenyewe zipo. Ukikanyaga, gari itasimama kama gari za zamani zilivyosimama. Unaweza kufika nyumbani, lakini pole pole, na fundi aangalie kabla ya safari nyingine ndefu.

Taa nyekundu, ile ya duara yenye alama ya mshangao katikati, inasema: "Freni yenyewe iko mashakani." Mara nyingine ni freni ya mkono tu haijashushwa vizuri. Angalia hiyo kwanza. Kama imeshushwa na taa bado inawaka, ao inapepesa kwenye miteremko, simama.

Nyekundu ikiwaka pamoja na ile ya ABS, shida ni kubwa zaidi. Gari inaweza kupoteza ule ujuzi wa kugawanya nguvu ya freni kati ya mbele na nyuma. Ukikanyaga kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yanaweza kukamatwa mapema na gari ikageuka mkia mbele. Hapo msiendelee hata kilomita moja na watu ndani.

Huyo msaidizi ni nani?

Fikirini baiskeli. Ukishuka mlima penye matope ukakamata freni ya mbele kwa nguvu, gurudumu linaacha kuzunguka, linateleza, na wewe unaanguka. Mwendesha baiskeli mwenye akili anakamata na kuachilia, anakamata na kuachilia. ABS inafanya hivyo hivyo, lakini mara nyingi ndani ya nukta moja, ili magurudumu yaendelee kuzunguka na volani iendelee kutii. Kampuni ya Bosch na ile ya Mercedes-Benz za Ujerumani ziliileta kwa gari za kuuzwa mwaka 1978.

Ile taa ya nyoka ni ya ndugu yake mdogo, msaidizi wa kuzuia gari isiteleze kando. Kila kampuni inampa jina lake: wengine ESP, Toyota wanasema VSC. Gari ikianza kwenda upande ambao volani haikuamuru, yeye anakamata gurudumu moja peke yake na kupunguza nguvu ya moto, ili kuirudisha njiani. Alianza kuuzwa mwaka 1995. Mwaka 1997, huko Sweden, waandishi wa habari walijaribu gari ndogo mpya ya Mercedes kwa kuikwepesha ghafla, kama mtu anayekwepa mnyama njiani, nayo ikapinduka. Kampuni ikaamua kuweka msaidizi huyo katika kila gari ya aina ile. Leo huko Ulaya na Marekani gari mpya hairuhusiwi kuuzwa bila yeye. Ndiyo sababu gari za mtumba zinazotufikia sasa zinakuja naye, hata kama sisi hatukumwomba.

Wote wawili wanatumia macho yale yale. Karibu na kila gurudumu kuna kitu kidogo kama kidole, kinaitwa kapta, kinachohesabu gurudumu linazunguka mbio kiasi gani. Waya unapeleka hesabu hiyo kwenye kompyuta ya freni. Kapta moja ikinyamaza, hata kwa muda mfupi tu, kompyuta haiamini tena hesabu. Inawaacha wasaidizi wote wawili wapumzike, na inawasha taa zao. Ndiyo sababu taa mbili ao tatu zinawaka pamoja wakati kitu kilichoharibika ni kimoja. Na ukizima moto na kuwasha tena, kompyuta inaanza kuhesabu upya. Kama wakati ule kapta inasema vizuri, taa inapotea. Haijapona. Ni kama homa ya malaria inayoshuka asubuhi na kurudi jioni. Mama gani anaacha dawa sababu mtoto hana homa saa hii?

Mambo ya kuangalia, toka ya bure mpaka ya feza

Barabara zetu mnazijua: vumbi jekundu wakati wa kiangazi, matope na madimbwi wakati wa mvua, mawe na mizizi siku zote. Magonjwa mengi ya taa hizi yanatoka huko. Msikubali mtu aanze na kitu cha bei kali kabla hajamaliza haya.

Moja, mafuta ya freni. Fungua boneti. Kuna chupa ndogo nyeupe yenye alama mbili, MINI na MAXI. Mafuta yawe katikati. Yakiwa chini, kuna sababu mbili tu: plaketi za freni zimekwisha, ao kuna mahali panapovuja. Kuongeza mafuta bila kutafuta sababu ni kumfunika mgonjwa blanketi.

Mbili, taa za nyuma. Mwambie mtu asimame nyuma ya gari, shofere akanyage freni. Taa nyekundu za nyuma ziwake akikanyaga na zizime akiachilia. Zisipotii, kile kiswichi kidogo kilicho juu ya kikanyagio ndicho mgonjwa, na kinaweza kuwasha taa za tablo. Bei yake ni ndogo.

Tatu, pine. Ziwe za ukubwa mmoja, namba zile zile zilizoandikwa ubavuni, na upepo sawa. Sisi tunapenda kuweka pine yoyote iliyopatikana. Pine ndogo inazunguka mara nyingi zaidi kuliko wenzake, na kompyuta inadhani gurudumu lile linateleza.

Nne, batri. Vichwa vyake vikiwa vimelegea ao vimeota unga mweupe, ao dinamo ikiwa haichaji vizuri, umeme unashuka na taa nyingi zinawaka kwa fujo. Safisha, kaza, pima.

Tano, kapta na nyaya zake. Baada ya matope, osha kila gurudumu kwa upande wa ndani, kwa maji na brashi laini, si kwa chuma. Kisha fuata kila waya kwa macho na kwa vidole. Tafuta mahali uliposuguliwa, ulipovutwa, ao kibano chake kilipokatika. Soketi zikiwa na maji ao kutu ndani, zikaushwe na kusafishwa.

Sita, rulema ya gurudumu. Gari inyanyuliwe kwa kriki na kuwekewa kitu kigumu chini, kisha fundi ashike gurudumu juu na chini, alitikise. Likicheza, kapta haiwezi kuhesabu sawa, na pia gurudumu lenyewe ni hatari.

Saba, volani. Kama taa ya nyoka ilianza siku ile ile gari ilipotoka kutengenezwa mbele, na volani sasa imekaa upande wakati gari inakwenda sawa, mrudishieni fundi yule yule. Kompyuta inaona volani imepinda na gari haipindi, haielewi.

Mwisho kabisa, bloki ya ABS na kompyuta yake. Hiyo inakufa kweli, lakini si mara nyingi kama mafundi wengine wanavyosema.

Kaye ilivyotuokolea feza

Baada ya siku ile ya mteremko, tulipeleka gari kwa fundi wa kwanza. Hakuvua hata gurudumu moja. Aliangalia tablo akasema: "Bloki ya ABS imekufa, leteni dola 350." Wamama, dola 350 ilikuwa karibu akiba yetu yote. Ilikuwa na karo ya shule ndani yake, na zamu ya likelemba ya mama mmoja mjane. Mkutano ulikuwa na makelele. Wengine walisema tuuze gari. Wengine walisema tumfukuze shofere. Mimi nilinyamaza sababu nilijua kosa langu.

Mama mmoja wa kikundi, ambaye amefanya kazi ya uganga miaka mingi, ndiye aliyetutuliza. Alisema: "Mgonjwa akija na homa ya kuja na kwenda, sisi tunaandika inakuja saa ngapi. Nyinyi mliandika nini?" Hatukuwa tumeandika kitu.

Basi tukachora mistari katika kaye, na kwa juma mbili shofere akaandika kila siku taa ilipowaka: siku na saa, mvua ao jua, gari ina baridi ao imekwisha kutembea, njia sawa, kona ya kushoto ao ya kulia, mashimo ao hapana, taa zipi, na kama aliwasha upya, zilipotea ao zilibaki. Wakati huo gari haikubeba mtu wala haikutoka nje ya mji. Na kabla ya yote tulikuwa tumetengeneza ile shida ya nyekundu, maana hiyo haina kungoja.

Ile nyekundu ilikuwa rahisi. Plaketi za mbele zilikuwa zimekwisha mpaka chuma, na mafuta ya freni yalikuwa chini ya MINI. Kwenye mteremko mafuta yanakimbilia mbele ya chupa, alama inashuka, taa inawaka. Kwenye tambarare yanarudi, taa inazima. Ilikuwa inatuambia ukweli kila mara, na sisi tulisema "ni zile zile". Plaketi mpya, mafuta mapya, hewa ikatolewa katika mipira, na kikanyagio kikawa kigumu tena.

Kaye ikatuonyesha ile ya manjano. Tulihesabu mara kumi na moja taa zilipowaka. Mara tisa ilikuwa wakati volani imegeuzwa sana upande wa kulia. Mvua ao jua haikuwa na tofauti. Tukampelekea fundi wa pili, mwenye mashini ndogo ya kusoma kompyuta ya gari. Jueni kwamba mashini nyingi za bei ndogo zinasoma moto wa gari tu, hazisomi freni. Yake ilisoma freni. Ikaonyesha kodi inayoanza na herufi C: kapta ya gurudumu la mbele, kushoto.

Hapa tena kuna mtego. Kodi inakuambia nyumba, haikuambii nani ndani ya nyumba. Ni kapta? Ni waya? Ni rulema? Fundi huyu alivua gurudumu, akapima waya huku kijana wake akigeuza volani pole pole. Volani ilipofika mwisho kulia, sindano ya kipimo ikaanguka. Waya ulikuwa umekatika ndani, ngozi ya nje bado nzima. Kibano cha kuushikilia kilikuwa kimepotea zamani, na mtu fulani aliufunga kwa kipande cha mpira, mfupi mno. Kila kona ya kulia waya ulivutwa. Fundi aliulehemu, akauvika mpira wa kuzuia maji, akaweka kibano na kuuachia nafasi ya kucheza. Akatuambia kwamba dawa ya kudumu ni kapta mpya na waya wake, tukipata ya kutoka Bukavu ao Kalemie. Alituomba dola 20.

Dola 20, si 350. Sisemi fundi wa kwanza ni mwizi. Nasema hakuangalia, na sisi hatukuwa na neno la kumwuliza. Kwa hiyo shikeni maulizo haya matatu, mwulize kila fundi kabla ya kutoa franka: Umejuaje kwamba ni kitu hiki? Umepima nini? Nionyeshe kwa macho yangu. Fundi mzuri hachukii maulizo. Na kitu cha zamani kilichotolewa kirudi kwenu, mkione.

Msifanye haya

Msifunike taa kwa skochi, msitoe balbu yake, msichomoe fizibu ili inyamaze. Mkinunua gari ya mtumba, geuzeni ufunguo kabla ya kuwasha moto: taa za freni, za ABS na za nyoka ziwake kwa muda mfupi, kisha zizime. Taa isiyowaka hata hapo si taa nzima. Pengine mwenye gari ameinyamazisha ili auze.

Msiweke kitu kingine mahali pa mafuta ya freni. Si maji, si maji ya sabuni, si mafuta ya moto, si ya mashini. Nimesikia yote hayo yakitendwa njiani. Mafuta ya moto yanavimbisha mipira ya freni na kuiharibu. Maji yanachemka freni zikipata joto la mteremko, na mvuke haukandamizi kitu: kikanyagio kinaanguka chini. Someni kwenye kifuniko cha chupa, kimeandikwa DOT 3 ao DOT 4, na nunueni hiyo. Mafuta haya yanakunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa zamani isitumike, na yale yaliyo ndani ya gari yabadilishwe baada ya miaka miwili hivi.

Na hili ni la sisi wazazi: mafuta ya freni ni sumu, na yanaunguza macho. Msiyaweke katika chupa ya limonadi nyumbani. Mtoto atakunywa.

Nyekundu ikiwaka njiani

Shofere asizime moto wa gari wakati inatembea, maana akizima, kikanyagio na volani vinakuwa vizito. Apunguze vitesi, moja moja, moto wenyewe uzuie gari. Kikanyagio kikianguka, akikanyage mara nyingi haraka. Freni ya mkono avute pole pole, si kwa ghafla. Apige honi watu watoke. Atafute majani, mchanga ao mahali pa kupanda, si daraja. Mkisimama, wekeni mawe chini ya magurudumu kabla mtu hajashuka na mtoto. Kisha tafuteni njia nyingine ya kumfikisha mgonjwa. Pikipiki inayofika ni bora kuliko jeepu isiyofika.

Kwa miteremko mirefu hata bila taa yoyote: shukeni kwa vitesi vya chini, msikalie freni. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni, mpumzishe gari. Msimwagie maji.

Tulivyokubaliana

Hatukumfukuza shofere. Tulimwuliza kwa nini aliweka skochi, na jibu lake lilituumiza. Alisema kila alipotaja shida ya gari, sisi tulimwambia anatafuta sababu ya kukaa bila kazi. Siku ambayo gari haitoki, yeye halipwi. Basi tukabadilisha. Sasa siku gari ikilala kwa ajili ya taa, anapata nusu ya siku yake. Na tumeandika katika kaye ya kikundi: mtu yeyote aliye ndani ya gari, hata abiria, hata msichana aliyebeba kuku, akiona taa nyekundu ana haki ya kusema "simama", na gari inasimama. Hakuna kumwuliza mume wake ni nani wala amesoma darasa gani.

Feza kidogo pia tunaiweka kando kila safari, katika bahasha ya gari peke yake. Plaketi zinakwisha kama vile sabuni inavyokwisha. Kuzinunua si ajali wala laana, ni matumizi ya kawaida.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuona ufa ule ukiwaka manjano mbele ya macho yangu, juma zima, juma la pili, nikasema umejiziba wenyewe. Yule mtoto aliyezaliwa jioni ile sasa anaanza kukaa. Nikimwona sokoni mgongoni kwa mama yake, ninageuka kuangalia ile jeepu, kama tablo yake iko wazi.

Juma hili, mkipanda gari yoyote, tupeni jicho kwenye tablo shofere anapogeuza ufunguo. Na kama kikundi chenu kina gari na kuna taa inayokuja na kwenda, andikeni siku saba katika kaye, mlete kwenye mkutano. Tutaisoma pamoja.

Juma lijalo tutarudi jikoni: namna ya kuhifadhi mafuta ya ngazi yasibadilike harufu. Kaeni salama, na Mungu awalinde njiani.